Kamera ya ridhaa, hesabu ya biashara: Bei ya Dubai si bei ya Namanga

Mfuko mmoja mweusi huonekana mzigo mdogo sana ndani ya buti la basi linalotoka Arusha kwenda Nairobi. Ndani yake mna kamera moja, lenzi mbili, betri tatu za akiba, kadi za kumbukumbu na stendi ya miguu mitatu. Kwa dereva aliyeombwa amfikishie mtu mzigo, huo ni mfuko tu. Kwa ofisa wa forodha pale Namanga, hizo ni bidhaa za vifungu sita tofauti vya ushuru, ukihesabu na mfuko wenyewe, na hakuna hata karatasi moja inayozitetea.

Mifuko ya aina hiyo inapita kwenye mipaka ya Afrika Mashariki kila siku. Wanaoisubiri upande wa pili si wenye studio peke yao. Wengi ni wapiga picha wa ridhaa: mwalimu anayependa kupiga ndege wa Ziwa Naivasha, karani wa benki anayepiga picha za harusi za ndugu, kijana wa chuo anayetaka kuachana na simu ya mkononi. Mteja huyu hana faida ya kibiashara ya kufidia kosa lake. Akinunua vibaya, hasara ni ya mshahara wake, na akijisikia ameonewa hatarudi dukani.

Kwa hiyo swali la kamera ipi inamfaa mtu anayeanza lina uzito kwa pande tatu. Mnunuzi anataka picha nzuri kwa fedha aliyonayo. Mfanyabiashara anataka mtaji uzunguke. Msafirishaji anataka kufika salama na gari lake. Uchambuzi huu unaonyesha kwamba pande hizo tatu zinategemea jambo moja, nalo ni kujua gharama halisi ya kifaa tangu kinapotoka kwa muuzaji hadi kinapofika mkononi mwa mteja.

Soko limesinyaa, lakini halijafa

Takwimu za chama cha watengenezaji kamera cha Japan, CIPA, zinaonyesha kuwa mwaka 2010 viwanda vilisafirisha kamera za dijitali zaidi ya milioni 120 duniani kote. Mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa chini ya milioni 8. Simu zenye kamera nzuri ndizo zilizoua soko la kamera ndogo za mfukoni. Kodak, kampuni ambayo mhandisi wake Steven Sasson alitengeneza kamera ya dijitali ya majaribio mwaka 1975, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai Januari 2012. Olympus nayo ilitangaza mwaka 2020 kwamba inauza kitengo chake cha kamera.

Mwaka 2024 idadi ilipanda kidogo na kufikia takriban milioni 8.5. Hata kamera ndogo za mfukoni, zilizodhaniwa zimekwisha, zilianza kutafutwa tena na vijana.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au Luthuli Avenue, takwimu hizo zina maana mbili. Kwanza, viwanda sasa vinatengeneza kamera chache zenye bei kubwa, na kamera mpya za bei ya chini zimekuwa adimu. Pili, dunia imejaa kamera za zamani zilizotengenezwa kwa mamilioni, ambazo bado zinafanya kazi. Mteja wa ridhaa wa Afrika Mashariki amebaki kati ya mambo hayo mawili: mpya iliyo juu ya uwezo wake, na ya mtumba ambayo haijui historia yake.

Mteja anahitaji nini hasa

Swali la kwanza la wateja wengi dukani ni idadi ya megapikseli. Wauzaji wengi wamelizoea na hulijibu kwa kumpandisha mteja kwenye kamera ya gharama zaidi. Hesabu yenyewe ni rahisi. Picha ya karatasi ya A4 iliyochapwa kwa nukta 300 kwa kila inchi inahitaji takriban megapikseli 8.7. Karatasi ya A3 inahitaji takriban 17.4. Kamera nyingi za kuanzia zilizotoka katika miaka kumi iliyopita zina megapikseli 24. Kwa maneno mengine, mtu ambaye hatachapa mabango hana sababu ya kulipia zaidi kwa ajili ya megapikseli peke yake.

Kinachotofautisha picha ni lenzi na kazi inayokusudiwa. Anayepiga ndugu zake ukumbini usiku anahitaji lenzi yenye tundu pana, kwa mfano ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kwa kawaida ni miongoni mwa lenzi nafuu kuliko zote katika mfumo wowote. Anayekwenda Amboseli au Mikumi anahitaji urefu. Lenzi ya milimita 70 hadi 300 ikifungwa kwenye kamera yenye sensa ndogo ya APS-C ya Nikon au Sony huona mbali sawa na milimita 450 kwenye kamera yenye sensa kubwa. Hapo sensa ndogo, ambayo wengi huidharau, inamsaidia mteja kuokoa fedha.

Muuzaji anayeuliza kwanza "unataka kupiga nini?" humpa mteja kifaa kinachomfaa, naye mwenyewe hupunguza malalamiko na marejesho. Hilo ni jambo la biashara, si la ukarimu tu.

Mtaji umo kwenye mfumo wa lenzi

Bodi ya kamera hushuka thamani kila toleo jipya linapotoka. Lenzi nzuri hushuka taratibu zaidi. Kwa sababu hiyo, mtu anayechagua kamera anachagua mfumo wa lenzi atakaokaa nao miaka mingi, na mfanyabiashara anayeweka bidhaa rafuni anapaswa kufikiri hivyo hivyo.

Canon ilianzisha mfumo wa EF mwaka 1987, na Nikon mfumo wa F mwaka 1959. Mifumo hiyo miwili ndiyo ya kamera za DSLR, yaani zenye kioo cha kuakisi ndani. Mwaka 2018 kampuni zote mbili zilianzisha mifumo mipya ya kamera zisizo na kioo: RF kwa Canon na Z kwa Nikon. Sony ilikuwa imetangulia na mfumo wake wa E mwaka 2010.

Lenzi za EF hufanya kazi vizuri kwenye kamera za RF kwa kutumia adapta. Kinyume chake hakiwezekani: lenzi ya RF haiingii kwenye kamera ya EF kwa adapta yoyote ya kawaida. Lenzi nyingi za Nikon F huingia kwenye Z kwa adapta ya FTZ, lakini zile za zamani za aina ya AF-D, zinazotegemea mota ya ndani ya kamera, hazitafokasi zenyewe. Lenzi hizo hizo hazifokasi zenyewe hata kwenye kamera za kuanzia za Nikon kama D3500, kwa sababu kamera hizo hazina mota hiyo. Mteja asiyejua hilo atadhani ameuziwa lenzi mbovu.

Mtego mwingine ni mfumo wa EF-M wa Canon, uliotumika kwenye kamera kama M50. Canon imeacha kuuendeleza, na lenzi zake haziingii kwenye RF. Kamera hizo bado hupiga picha safi, na mtu anayetaka kamera moja na lenzi moja asiyefikiria kuongeza anaweza kuridhika nazo. Lakini mfanyabiashara anayeagiza lenzi za EF-M kwa wingi ananunua bidhaa ambayo wateja wake wanapungua kila mwaka.

Kwa soko la Afrika Mashariki, hoja ya mfumo ina upande mwingine wa kienyeji. Kamera ambayo betri zake zinapatikana mjini, fundi anazifahamu, na lenzi zake za mtumba zinauzwa mitaani ni bora kwa mtu wa ridhaa kuliko kamera nzuri zaidi ambayo chaja yake ikipotea inabidi isubiriwe kutoka ng'ambo. Mnunuzi wa Mwanza au Mbarara akipoteza chaja haulizi sifa za sensa. Anauliza basi la kesho linaweza kumletea chaja ya aina gani.

Kamera moja, majina manne

Wafanyabiashara wanaoagiza kutoka nchi mbalimbali hukutana na tatizo la majina. Kamera ambayo Canon inaiuza kwetu na Ulaya kwa jina la EOS 2000D inaitwa Rebel T7 Marekani, 1500D katika baadhi ya nchi za Asia, na Kiss X90 Japan. Vivyo hivyo, 700D ni Rebel T5i Marekani na Kiss X7i Japan. Muuzaji anayejua hilo anaweza kulinganisha bei za masoko manne kwa kamera ile ile. Asiyejua anaweza kununua "toleo jipya" ambalo tayari analo rafuni.

Jina si tatizo pekee. Kamera za Sony zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la ndani la Japan huwa na menyu ya Kijapani tu, na mtumiaji hawezi kuibadilisha kuwa ya Kiingereza. Bei yake inavutia, lakini mteja wa Kampala hatafurahi. Ni lazima muuzaji aulize lugha kabla ya kulipa.

Umeme nao unahitaji kuangaliwa. Chaja nyingi za kamera hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo zinahitaji tu plagi ya kubadilishia. Taa kubwa za studio zilizotengenezwa kwa umeme wa volti 110 wa Marekani ni habari nyingine. Zikichomekwa kwenye umeme wetu bila transfoma zinaungua mara moja.

Dubai, Japan na ndugu wa Marekani

Njia za kamera kuja huku ni tatu kubwa. Ya kwanza ni Dubai, hasa maduka ya mtaa wa Al Fahidi na ya eneo la Deira. Umoja wa Falme za Kiarabu ulianza kutoza VAT ya asilimia 5 Januari 2018, na Novemba mwaka huo ukaanzisha utaratibu wa kuwarudishia watalii kodi hiyo kwa manunuzi ya kuanzia dirham 250. Utaratibu ulipoanza, mtalii alirudishiwa asilimia 85 ya kodi, ikiondolewa ada ya dirham 4.80 kwa kila stakabadhi.

Kwa kamera ya dirham 1,500, kodi iliyomo ni takriban dirham 71. Baada ya makato hayo, msafiri alibaki na takriban dirham 56, sawa na dola 15 za Marekani. Ni fedha ya chakula, si ya faida. Mtu anayepanga bei yake ya Nairobi kwa kutegemea marejesho hayo amekosea hesabu. Aidha, marejesho yenyewe yanaacha kumbukumbu: msafiri amethibitisha kwa mamlaka za Dubai kwamba ametoka na kamera yenye thamani fulani. Ni vigumu kushuka Jomo Kenyatta au Julius Nyerere na stakabadhi hiyo mfukoni huku akitaja thamani nyingine.

Njia ya pili ni Japan, ambako maduka makubwa ya kamera zilizotumika huziweka kwenye madaraja ya ubora na kueleza kasoro moja moja. Njia ya tatu ni ndugu walioko Marekani na Ulaya wanaotuma ndani ya maboksi ya mizigo. Njia hii imepata msukosuko. Mwaka 2025 Marekani ilipandisha ushuru wa bidhaa kutoka Japan, Thailand na kwingineko kamera zinakotengenezwa, na kampuni zikiwemo Nikon na Canon zikapandisha bei katika soko hilo. Aliyezoea kusema "Marekani ndiko rahisi" inabidi alinganishe upya.

Hesabu ya mpakani

Ushuru una nguvu ya kubadilisha hata umbo la kamera. Kwa miaka mingi Umoja wa Ulaya uliihesabu kamera inayoweza kurekodi dakika 30 au zaidi mfululizo kuwa kamera ya video na kuitoza ushuru, ilhali ya picha mnato iliingia bila ushuru. Watengenezaji waliweka kikomo cha dakika 29 na sekunde 59. Wanunuzi duniani kote, hata wa Bujumbura, walipata kamera inayojizima kabla ya nusu saa kwa sababu ya kifungu cha ushuru cha Ulaya.

Huku kwetu pia kifungu ndicho huamua. Kamera ya dijitali imo katika kichwa cha 8525, kamera ya filamu na flashi katika 9006, lenzi na filta katika 9002, betri katika 8507, kadi ya kumbukumbu katika 8523, stendi katika 9620 na mfuko katika 4202. Vifaa vilivyofungwa kiwandani katika boksi moja la rejareja, kwa mfano kamera na lenzi yake, kwa kawaida huhesabiwa kwa kifungu cha kile kinachoipa seti sifa yake kuu. Vilivyonunuliwa kimoja kimoja na kukusanywa mfukoni hutozwa kila kimoja kwa kifungu chake.

Mfano wa hesabu ufuatao unasaidia. Chukua kifaa chenye thamani ya dola 400 pamoja na bima na usafiri. Kikiwa katika daraja la ushuru la asilimia sifuri, na VAT ya Tanzania Bara ya asilimia 18, mteja analipa dola 72 na gharama inafika 472. Kikiwa katika daraja la asilimia 10, ushuru ni dola 40, VAT hukokotolewa juu ya dola 440, na jumla inafika takriban 519. Kikiwa katika daraja la asilimia 25, ushuru ni dola 100, VAT juu ya dola 500 ni 90, na jumla ni 590. Kifaa ni kile kile. Kilichobadilika ni kifungu.

Kwa Kenya, yenye VAT ya asilimia 16, mfano wa mwisho unatoa dola 580 kabla ya tozo ya tamko la uingizaji na tozo ya reli. Tanzania nayo ina tozo ya reli na ada ya uchakataji wa forodha. Uganda, Rwanda na Burundi hutoza VAT ya asilimia 18. Ukiongeza malipo ya wakala wa forodha, utaona ni kwa nini mzigo wa kamera moja una gharama kubwa kwa kila kipande kuliko mzigo wa kamera kumi: ada ya wakala ni karibu ile ile.

Hapa ndipo somo la kwanza la wafanyabiashara wadogo linapopatikana. Wanne wanaoagiza kamera tatu tatu kila mmoja hulipa mawakala wanne. Wakiagiza pamoja kwa karatasi moja, wanagawana gharama hiyo.

Cheti cha asili hakisaidii

Kosa linalojirudia zaidi katika biashara hii ni dhana kwamba bidhaa iliyolipiwa ushuru Dar es Salaam inaweza kuingia Nairobi bila kulipiwa tena, "kwa kuwa ni Jumuiya". Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki, ulioanza kutekelezwa Januari 2005, unaondoa ushuru kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, unaowawezesha kupita na mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 kwa cheti kifupi cha asili, nao ni wa bidhaa hizo hizo: mahindi, maharage, vikapu, sabuni za viwanda vya hapa.

Kamera iliyotengenezwa Japan, Thailand au China haipati asili ya Afrika Mashariki kwa kukaa wiki mbili Kariakoo. Ikivuka mpaka kwa ajili ya kuuzwa, inahitaji tamko jipya na kulipiwa kodi za nchi inakokwenda, na kodi iliyokwisha kulipwa nchi ya kwanza mara nyingi haimfuati mwenye mzigo. Kwa hiyo kamera iliyolipiwa kikamilifu Tanzania na kuuzwa Kenya kwa njia halali ina hatari ya kubeba kodi mara mbili. Ndiyo maana bei ya Kariakoo, hata ikiwa nafuu, haimsaidii sana mnunuzi wa Nairobi anayefuata sheria.

Pengo hilo kati ya bei halali na bei ya dukani ndilo linalolisha njia za panya. Anayelipa gharama ya pengo si mwenye kamera daima. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu kutaifishwa kwa bidhaa za magendo na pia chombo kilichozibeba. Dereva anayepokea shilingi chache kupeleka mfuko anaweka rehani gari la tajiri wake kwa ajili ya mzigo ambao hajui thamani yake. Kituo cha pamoja cha Namanga, kilichozinduliwa rasmi Desemba 2018, kimerahisisha ukaguzi kwa wenye karatasi. Kwa wasio nazo, maofisa wa nchi mbili sasa wako chini ya paa moja.

Hali ya mpiga picha anayesafiri na kamera yake mwenyewe ni tofauti, kwani hiyo ni mali binafsi. Hata hivyo, mtu mwenye bodi mbili na lenzi tano anafanana na mfanyabiashara. Ni busara abebe stakabadhi za zamani na orodha ya namba za vifaa, na aionyeshe forodhani wakati wa kutoka ili asiulizwe wakati wa kurudi.

Betri na droni: mambo ya msafirishaji

Tangu Aprili 2016 kanuni za usafiri wa anga zinakataza betri za lithiamu ioni zilizofungwa peke yake kusafirishwa kama shehena ndani ya ndege za abiria. Katoni ya betri za kamera hupelekwa kwa ndege za mizigo, ikiwa na lebo zinazotakiwa na chaji isiyozidi asilimia 30. Wakala anayeandika "vifaa vya kamera" kwenye katoni ya betri ili kuokoa gharama anahatarisha ndege na leseni yake.

Kwa abiria, betri za akiba hubebwa kwenye mfuko wa mkononi, kamwe si kwenye sanduku linalokwenda chini ya ndege. Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa kila betri. Betri ya kamera za kuanzia kama LP-E10 ya Canon ina wati-saa zisizofika 7, kwa hiyo mpiga picha wa ridhaa hana tatizo. Betri kubwa za taa na video zinazozidi 100 hadi 160 zinahitaji idhini ya shirika la ndege.

Droni zina sheria zake. Katika mfumo wa vifungu wa mwaka 2022 zimewekwa katika kichwa chao, 8806, na hazihesabiwi tena kama kamera. Kenya ilitoa kanuni za ndege zisizo na rubani mwaka 2020, zinazosimamiwa na mamlaka ya usafiri wa anga. Tanzania na Rwanda nazo zinataka kibali. Msafirishaji asikubali droni bila kuona kibali cha mwenye mzigo, hata kama imefungwa kama kitu cha kuchezea.

Mtumba wa kamera unakaguliwa vipi

Kwa kuwa wateja wengi wa ridhaa wataishia kwenye kamera iliyotumika, ukaguzi ndio unaotenganisha muuzaji na mlanguzi. Kamera ina shata, na shata ina umri kama kilomita za gari. Nikon D3500 ilijaribiwa kwa mipigo 100,000, Canon 5D Mark IV kwa 150,000 na Nikon D850 kwa 200,000. Kamera iliyopiga 15,000 na iliyopiga 140,000 huweza kufanana kwa nje kabisa. Muuzaji anayeandika idadi hiyo kwenye risiti anauza kwa bei nzuri zaidi kuliko anayesema "iko safi".

Lenzi humulikwa kwa tochi kutoka nyuma. Nyuzi nyembamba kama utando wa buibui ni kuvu. Katika miji ya pwani kama Mombasa, Tanga na Zanzibar, unyevu wa hewa huilea kuvu haraka, hasa lenzi ikikaa ndani ya mfuko wa ngozi miezi kadhaa. Ghala la mfanyabiashara wa pwani linahitaji kabati lenye unyevu wa asilimia 40 hadi 50, au angalau makopo yanayofunga vizuri yenye vifuko vya kunyonya unyevu. Lenzi kumi zilizopata kuvu rafuni ni mtaji uliooza.

Kadi za kumbukumbu za bandia ni tatizo la kudumu. Kadi iliyoandikwa gigabaiti 128 inaweza kuwa na 8 tu ndani, na mteja hugundua siku ya harusi picha zinapopotea. Programu ya bure ya H2testw hupima uwezo halisi kwa kuijaza kadi na kuisoma. Muuzaji anayepima kadi chache za kila katoni kabla ya kulipa salio la mzigo anajikinga na hasara pamoja na aibu.

Mwisho, namba ya kamera. Vifaa vya watalii na wapiga picha huibwa, na kamera nyingi huandika namba yake ndani ya kila picha. Anayenunua kamera mtaani bila stakabadhi wala jina la aliyeuza anaweza kujikuta akijibu kesi ya kupokea mali ya wizi.

Nani anabeba gharama

Kiuchumi, soko la kamera la Afrika Mashariki ni dogo na limegawanyika vipande vipande kwa mipaka ambayo mahindi yanaivuka kwa urahisi zaidi kuliko lenzi. Mradi hakuna kiwanda cha kamera katika ukanda huu, na mradi kodi iliyolipwa nchi moja haitambuliki nchi ya pili, kila mji utaendelea kuagiza kivyake kutoka Dubai na Japan, kwa kiasi kidogo na kwa gharama kubwa kwa kila kipande.

Wanaoweza kupunguza gharama hiyo kwa sasa ni wafanyabiashara wenyewe: kwa kuagiza pamoja, kupeleka mzigo moja kwa moja katika nchi utakakouzwa badala ya kuupitisha soko la jirani, na kuuliza kifungu cha ushuru kabla ya kulipa na si baada ya kukamatwa. Kwa mteja wa ridhaa, ushauri unaotokana na hesabu hizi ni mfupi: bodi ya kawaida yenye megapikseli 24, iliyotumika na kukaguliwa, ya mfumo ambao lenzi na betri zake zinapatikana mjini kwake, na fedha iliyobaki iende kwenye lenzi moja nzuri.

Na kwa dereva wa basi la Arusha aliyeombwa kubeba mfuko mweusi, swali la kuuliza kabla ya kufunga buti ni moja tu: karatasi ziko wapi?